Mkono Niliompa Mama wa Bwawani

Kaa hapo nikwambie, na kabla sijaanza nakuomba kitu kimoja: usiniambie ilikuwa sukari. Mwanangu Zuhura anasema sukari. Nesi wa zahanati kasema sukari. Hata ustadhi, mtu mzima na ndevu zake, kaguna akasema labda bibi sukari ilishuka. Sukari gani inakuzamisha mpaka magotini mchana kweupe? Mie nimesoma darasa la pili tu, nikatolewa nikalee wadogo zangu, lakini macho yangu yanaona sawasawa na ya aliyemaliza chuo. Niliona. Wallahi niliona, na mkono huu wa kulia ndio ulioshika.

Haya. Huku kwetu Mbagala tuna kibwawa. Kidogo, mwanamme mwenye nguvu akirusha jiwe linafika ng'ambo. Zamani hapakuwa na maji pale. Lilikuwa shimo la mchanga, malori yanashuka matupu yanapanda yamejaa, nusu ya nyumba za mjini zimejengwa na mchanga wetu. Mchanga ukaisha, wenyewe wakaondoka, mvua ikanyesha miaka na miaka, shimo likawa bwawa, bwawa likaota matete, kambare wakaja sijui walikuja na nini. Ndiyo hapa majuzi wakapatengeneza bustani ya watu wote. Vitofali vya pevingi kulizunguka bwawa, bembea za watoto, mabenchi ya simenti, miti ya miashoki imepangwa mstari. Jumapili maharusi wanakuja kupiga picha, bi harusi ananyanyua gauni lisiguse mavi ya bata.

Mie aliyenipeleka pale ni nesi. Nina presha na sukari, nimepewa zote mbili kama mapacha. Akaniambia, "Bibi, tembea nusu saa kila siku." Nikamuuliza nitembee niende wapi? "Popote bibi, zunguka tu." Basi nikawa nalizunguka bwawa. Asubuhi nikashindwa, maana asubuhi wanakuja vijana na visuruali vya kubana, wananipita mara tatu mie sijamaliza mzunguko mmoja, na kila wakinipita, "Pambana bibi! Pambana!" Napambana na nani? Jioni nako kumejaa watoto na wauza ubuyu. Nikaona wakati wangu ni saa saba mchana, watu hawapo, naburuza miguu yangu kwa raha.

Najua unachotaka kusema. Saa saba, jua la utosi, kwenye maji. Bibi yangu alikuwaga anatuchapa kwa hilo. Alisema saa ile maji yana wenyewe. Nilijua! Lakini nikajiambia hayo ni mambo ya mito ya zamani, hili bwawa limewekewa bembea. Shetani gani atakaa penye bembea?

Siku yenyewe Ijumaa. Wanaume wako msikitini, bustani tupu. Ng'ambo ya maji namwona Baba Neema, ndiye mtunza bustani, mtu wa Iringa, kavaa kizibao chake cha njano anamwagilia maua, kanipa mgongo, masikioni kaweka nyaya zake za muziki. Nikazunguka mpaka upande wa matete, kule ambako pevingi imeisha na majani yameanza. Kuna benchi. Nataka kukaa, namwona mwanamke kakaa chini, kaegemea benchi, miguu kainyoosha.

Akaniamkia. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

Baadaye nilikuja kupiga hesabu nikagundua mie na yeye rika moja, huenda yeye ndiye mkubwa. Mpaka leo sijui nani alitakiwa kumwamkia mwenzie.

Kitu cha kwanza, nikamtazama miguu. Mie si mjinga! Mtu wa pwani yeyote akimkuta mwanamke peke yake kwenye jua kali anatazama miguu kwanza, asije akakuta kwato. Nikatazama. Miguu ya mtu. Vidole kumi, visigino vimepasuka kama vyangu, kandambili zimeliwa upande. Roho ikatulia. Halafu alikuwa mkavu. Mtu wa majini si analowa? Huyu mkavu, midomo imechanika, nyusi zina vumbi, khanga zimepauka mpaka maandishi yake hayasomeki. Nikasema huyu ni mpita njia kachoka, basi.

"Mama, nisaidie kuinuka," akaniambia. "Miguu imekufa ganzi. Nimekaa sana."

"Kwani umekaa tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi ile."

Asubuhi ipi, sikuuliza. Mtu kakuomba mkono utaanza kumhoji kama polisi? Nikampa.

Niamini, hapo ndipo mchezo ulipoanza. Mkono ulikuwa wa moto na mkavu, kama umeingiza kiganja kwenye kokoto za juani. Nikamvuta, hakuja. Nikakaza nyonga, nikavuta tena. Mzito! Nikamtania, "Mwanangu, leo umekula nini?" Hakucheka. Na yeye akawa anavuta. Ndipo nikasikia kitu kinamwagika, chwaaa, kama mtu anapepeta mchele. Nikatazama. Mchanga. Mchanga unatoka kwenye mkono wake, pale khanga ilipokunjwa, unamwagika kwenye majani, wala hauishi. Unatoka nyweleni. Unatoka kwenye mikunjo ya shingo.

Nikasema niuchukue mkono wangu. Haukutoka.

Halafu nikaona nimekuwa mfupi. Utacheka, lakini ndivyo nilivyoona: benchi limepanda juu. Kumbe mie ndiye ninayeshuka. Majani yamefunguka, miguu yangu imo kwenye mchanga mpaka vifundoni. Yeye akijivuta, anainuka kidogo, mie nashuka. Anainuka, nashuka. Ukaja kwenye ugoko. Mwenzangu, umewahi kuzikwa umesimama? Usiombe. Unabana kama mtu mwenye hasira.

Nikamwita Baba Neema. Sauti haikutoka, ikatoka hewa tu. Nikaanza Ayatul Kursi. Hiyo niliifundishwa kabla ya kuacha kunyonya, sikosei. Nikasoma yote mpaka mwisho. Sasa jini si anaungua, anapiga kelele, anakimbia? Huyu kainamisha kichwa, akanisikiliza, nilipomaliza akasema, "Amin. Asante mama. Wewe wa kwanza kunisomea."

Hapo nikatamani kulia. Mtu anakushukuru huku anakuzika, utamfanya nini?

"Mwanangu," nikamwambia, "niachie. Nina wajukuu, nimeacha maharage jikoni."

"Sitaki kukuumiza, mama. Nataka nitoke tu."

"Ukitoka wewe naingia mie!"

Akatazama chini. Lakini hakuachia. Ukafika magotini, na magoti yangu ndiyo mabovu, nikaona sasa basi, Zuhura atakuja jioni atakuta benchi. Na mdomo ni mdomo, ukishindwa kuomba unauliza. Nikamuuliza kile ambacho sie watu wa zamani tunamuulizaga kila mtu. "Kwani wewe mtu wa wapi?"

"Tabora, mama. Mie Mnyamwezi."

Nyie! Damu ikarudi mwilini!

Kwa asiyejua, mie Mzaramo, wa hapahapa, sikuja na basi. Na Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu mababu. Mtani wako anakutukana wewe, anamtukana baba yako, anaingia jikoni kwako anafunua sufuria, na huruhusiwi kukasirika. Tangu nina akili nimewatania Wanyamwezi. Sasa nikisikia neno hilo mdomo haungoji ruhusa. Hata nikiwa nazikwa.

"Mnyamwezi!" nikamwambia, na sauti hiyo, ikatoka kubwa mpaka bata wakaruka. "Ndiyo maana mzito! Si nyie ambao babu zenu walitembea kwa miguu mpaka pwani, wakaona bahari, wakadhani bwawa la kunyweshea ng'ombe, wakaonja!"

Akainua uso. Macho yakawa makubwa. "Mama ni Mzaramo?"

"Sasa mwingine nani angekupa mkono bila kuuliza, mjinga wewe?"

"Ahaa! Mzaramo!" Midomo ile iliyochanika ikaanza kuchezacheza. "Nyie ambao babu zetu waliwakuta mmelala chini ya mnazi, mnangoja nazi idondoke yenyewe, ijifue, ijikune, iingie kwenye samaki! Mnauza kiwanja mnakichezea ngoma siku saba, siku ya nane mnaomba pa kulala!"

"Heri sie tuna ngoma. Nyie mkisikia ngoma mnauliza inapikwaje!"

Akacheka. Jamani, alicheka! Kicheko cha tumboni, cha mama aliyezoea kukaa na watu. Na mchanga ukasimama. Nilisikia kabisa ule mmwagiko umekatika, kama mtu kafunga bomba.

Alipomaliza kucheka akafuta macho kwa ule mkono mwingine. "Sikupata mtani, mama," akasema. "Nilikuwa nawapikia wachimba mchanga humu shimoni. Asubuhi ile ukuta ukashuka, mie na sufuria zangu. Hawakunitoa. Sikuoshwa, sikuliliwa, wala hakuna aliyekuja kunitania."

Sasa elewa. Kwetu, msiba usio na mtani haujaisha. Watu wanalia, lakini mtani ndiye anayekuja kuvaa nguo za marehemu, anatembea kama marehemu, anaficha birika la kahawa, mwingine anashuka kaburini anajilaza, anasema marehemu atafute pengine. Watu wanacheka na machozi yapo mashavuni. Hapo ndipo marehemu anajua kaagwa, anakwenda. Huyu hakuagwa. Alibaki pale anangoja, shimo limekuwa maji, maji yamekuwa bustani, maharusi wanapiga picha juu yake.

Nikamwambia, "Jina lako nani?"

"Nyamizi."

"Haya Nyamizi, mie ndiye mtani wako, na leo ndiyo msiba wako."

Nimo kwenye mchanga mpaka magotini, mkono umeshikwa, nikaanza. Nikatengeneza kiuno, nikaigiza anasonga ugali. "Jamani tumefiwa na Nyamizi! Mpishi gani! Ugali wake wachimbaji walikuwa wanazibia matairi ya lori! Maharage yake ukimeza leo yanafika tumboni Jumatano!" Nikaigiza anaonja mchuzi anakunja uso. Nikalia kile kilio cha uongo tunacholiaga watani, "Uuuwi Nyamizi, umeondoka na mwiko nani atatuunguzia chakula!" Alicheka mpaka akalala ubavu.

"Mwongo," anasema, "mie nilikuwa napika vizuri."

"Maiti haijibu! Ukiwa maiti ukae kama maiti! Haya, lala, watu wana njaa, wanataka warudi makwao wale."

Akajilaza. Ubavu wa kulia, kama anavyolazwa mtu, mkono ule mwingine chini ya shavu. Akanitazama. "Utawaambia watu?"

"Nitawaambia mpaka wanichoke."

Vidole vikaniachia kimoja kimoja. Cha mwisho kilikuwa kidole kidogo. Halafu pale alipolala pakawa majani tu.

Kwanza sikufanya chochote. Nilivuta pumzi. Kama umewahi kuzaa, ile pumzi ya baada ya mtoto kutoka, ndiyo hiyo. Nikaanza kucheka mwenyewe, nacheka na natetemeka. Nyuma yangu nikasikia viatu vinakimbia.

"Bibi! Bibi, vipi?" Baba Neema huyo, kafika na mpira wa maji mkononi. Akatazama chini. Mie nimesimama kwenye shimo, magoti hayaonekani. Sasa unafikiri alisema nini? "Bibi, jamani! Haya majani nimeyapanda juzi tu!"

"Sijachimba mie, baba. Nitoe kwanza, tutagombana nikiwa juu."

Akanitoa. Kiatu kimoja kilibaki, akaingiza mkono mpaka begani, hakukipata. Alinitazama hivi, akatazama shimo, akanitazama. Mpaka leo upande ule anafyeka akiimba nyimbo za kanisani.

Nyumbani Zuhura akanipima, akanipa chai ya sukari. Nikainywa, sikubishana. Lakini jioni nikaenda kwa Mzee Maganga, anauza mkaa pale kona ya mtaa wetu. Mnyamwezi. Sie hatujawahi kusalimiana vizuri hata siku moja. Mie nikipita namwambia, "Hujafa tu?" Yeye ananijibu, "Nakungoja wewe mkubwa utangulie." Siku ile nikasimama mbele yake nikasema, "Mzee Maganga, habari za jioni, baba."

Akashtuka akasimama. "Nani kafa?"

"Nyamizi."

Alikaa juu ya gunia la mkaa kama mtu aliyekatwa miguu. "Jina hilo nani kakupa?"

Nikamweleza yote. Hakusema sukari. Akaanza kulia, mzee mzima, machozi yanachora mistari kwenye mashavu meusi ya vumbi la mkaa. Kumbe alikuwa mchimbaji pale, kijana. Asubuhi ile Nyamizi kamchotea uji, kaenda kuunywa juu kwenye kivuli, ndipo ukuta ukashuka. Walichimba kwa mikono mpaka giza. Msimamizi wa shimo akaja akasema atakayefungua mdomo ataozea ndani. Wote wageni mjini, hawana ndugu, wakatawanyika. Yeye alikimbilia Kimara, akakaa huko miaka, akarudi Mbagala shimo limeshakuwa maji.

"Sijawahi kupita bwawani," akaniambia. "Hata kwenda hospitali nazunguka. Niliogopa ataniuliza."

"Hakukuuliza. Alikuwa anataka kuchekeshwa tu, mpumbavu wewe."

Nilipomtukana ndipo akapata nguvu ya kusimama.

Ijumaa iliyofuata tukamsomea hitima palepale, mikeka imetandikwa chini ya miashoki. Mzee Maganga alitafuta Wanyamwezi mpaka Mtoni, wakaja saba na wake zao. Baba Neema Mkristo, lakini alikuja na maua, akakaa nyuma. Ustadhi alisoma vizuri, ila alipomaliza hakuona viatu vyake. Alikasirika! "Bibi, huu ni msiba au mchezo?" Nikamwambia vyote viwili, na viatu akavitafute kwenye bembea. Wale Wanyamwezi wakaangua kicheko, mmoja akanivua kilemba akakimbia nacho. Mzee Maganga akaenda kwenye matete peke yake. Aliongea pale muda mrefu, hatukumfuata. Aliporudi alikuwa anatembea kama kapunguziwa miaka kumi.

Nimelizunguka bwawa lile kila siku tangu hapo, saa saba ileile. Hakuna kitu. Bata, kambare, upepo kwenye matete. Roho yangu nyeupe.

Ila mkono. Tazama kiganja hiki. Hakitoki jasho. Nesi kanipa mafuta, hayaingii. Nikiosha vyombo kinakauka kabla sijachukua kitambaa. Na unga haukishiki! Nakanda chapati mkono mmoja safi kabisa, sinyunyizi unga wa pili. Mtaani wanasema chapati zangu zimekuwa laini kuliko zamani, wanaleta oda za harusi. Mtani wangu yule hakuniacha hivihivi.

Na nyie mnaokwenda kule na simu zenu kupiga picha, nisikilizeni. Mkisikia mtaani kafa mgeni asiye na ndugu, nendeni, hata kama hamumjui, tafuteni mtani wake aje. Na siku ukiwa bustanini saa saba, mtu usiyemjua akakuomba umsaidie kuinuka, usitazame miguu, miguu haikwambii kitu. Uliza kabila kwanza. Akiwa mtani wako, mtukane kwa sauti, kisha mpe mkono. Asipokuwa mtani wako, hapo mie sikufundishwa. Hapo kimbia.